Lilikuwa Zima

Leo ni siku ya nne, na maneno mawili ya Baba Mdogo bado yananivumia masikioni kama mbu aliyefungiwa ndani ya chandarua. Jumatano, mazoezini, nilichomeka gitaa ambalo nilikuwa nimelibadilisha waya zote kwa mikono yangu, na kabla sijagusa uzi hata mmoja amplifaya ikaanza kunguruma hadi mpiga tumba akageuka. Baba Mdogo alilaza kiganja juu ya nyuzi za besi lake, akauliza, "Umelifungua mwenyewe?" Nikajibu kwamba ndiyo. Akanitazama kidogo, bila hasira yoyote, akasema, "Lakini lilikuwa zima, baba."

Afadhali angenifokea. Nimekuwa nikimjibu nikiwa bafuni, nikiwa kwenye daladala, na kila mara jibu ni jipya: kwamba halikuwa zima, maana kitufe cha sauti kilikuwa kikikwaruza, kwamba mwalimu wa fizikia hashindwi na waya chache. Wiki hii shule imefungwa na mdogo wangu ametolewa mahari, lakini mimi nimebaki na sentensi hiyo tu.

Jana usiku nililaza gitaa kifudifudi mezani, juu ya khanga kuukuu ya Mama Neema. Pikapu zake (wasiopiga muziki wasidhani nasema gari: ni vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi; na jeki nitakayoitaja si ya kunyanyulia gari, ni tundu la kuchomekea waya wa amplifaya) ni za koili moja moja, na koili ya namna hiyo hunasa mvumo wa hezi 50 wa umeme wa nyumbani hata fundi awe nani. Lakini mvumo huo wa kawaida hupungua unaposhika nyuzi, kwa sababu nyuzi zimeunganishwa na waya wa athi, ule wa kupeleka umeme usiotakiwa ardhini, na mwili wako, ambao ulikuwa ukikusanya kelele kama antena, unatulizwa kupitia hizo nyuzi. Mvumo wa gitaa langu haukupungua hata kidogo, ila nilipogusa chuma cha jeki ukanyamaza ghafla. Basi athi ilikuwa inafika kwenye jeki, lakini haikuwa inafika kwenye nyuzi. Niliweka ncha moja ya mita ya umeme, ile inayolia njia ikiwa imeungana, kwenye daraja (chuma kinachoshikilia nyuzi) na nyingine kwenye jeki: kimya, wakati ilipaswa kulia.

Nikafungua kifuniko cha nyuma. Tone la lehemu lililoshika waya kwenye bati la springi zinazovuta daraja lilikuwa la kijivu, limefifia, na nilipolisukuma kwa ukucha likabanduka zima zima. Bati lile ni nene na hunyonya joto. Mimi nilikuwa nimeyeyusha lehemu juu yake bila kulipasha bati lenyewe. Nililikwangua kwa msasa, nikalipasha kwa subira, safari hii lehemu ikatandaa na kung'aa. Mita ikalia kwa sauti kiasi kwamba Mama Neema aliuliza kutoka chumbani ni simu ya nani usiku huo.

Nilipiga nyuzi peke yangu hadi saa sita, nikicheka. Kisha, wakati wa kufagia meza, nikaliona tone la zamani, nililolitoa wiki iliyopita kwa kuwa lilikuwa kubwa na baya: donge kama punje ya hindi, limezama hadi kwenye kutu. Hakuna aliyewahi kulifungua gitaa hili kabla yangu isipokuwa aliyenipa, na aliyenipa ni Baba Mdogo. Nimeliweka donge hilo kwenye kisanduku cha vipiki vya kupigia nyuzi.

Sasa kuna jambo jingine. Plagi ya amplifaya ya ukumbini imekatika mguu wake wa athi, ule unaomkinga mtu na umeme unaovuja, tangu mwaka jana, nasi tumezoea kuichomeka hivyo hivyo. Nyuzi zangu sasa zimeungana sawasawa na chuma cha amplifaya hiyo, na Jumatano nitasimama kwenye maikrofoni ileile ambayo Baba Mdogo huimba akiwa ameigusisha midomo.