Mikate miwili na nusu

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa wa jumuiya.

Tafakari imechelewa wiki hii, kiukweli sikuwa na la kuandika. Tangu kile kikao cha ujenzi wa kanisa cha Jumapili sala zangu ni kavu kabisa, nikipiga magoti tu akili inarudi kwenye nondo na lenta, nani kamaliza ahadi yake nani bado, na yale maneno watu waliyorushiana mbele ya watoto. Nikafungua Zaburi ya 127, Bwana asipoijenga nyumba waijengao wafanya kazi bure, nikasoma mstari mmoja nikafunga Biblia. Tumeiimba na kuisoma mno hii zaburi kwenye harambee zetu mpaka imekuwa kama tangazo.

Sasa mdogo wangu aliyeko Uingereza akanitumia picha za magofu ya monasteri moja inaitwa Fountains, iko Yorkshire jirani na mji wa Ripon, alienda kutembea na wenzake wa kazini. Kuta zimesimama, paa hakuna, majani mabichi ndani ya kanisa pale ambapo watu walikuwa wanapiga magoti. Nikaanza kusoma habari zake, na usingizi ukapaa.

Ni hivi. Mwaka 1132 wamonaki 13 walitoka kwenye abasia (monasteri kubwa) ya Mtakatifu Maria mjini York. Nyumba ile ilikuwa tajiri, inaheshimika, watu wanakula wanashiba, na hawa 13 wakasema sisi tunataka kuishi Kanuni ya Mtakatifu Benedikto jinsi ilivyoandikwa (ndiyo hiyo hiyo wanayoishi wamonaki wetu wa Peramiho na Hanga, kwa hiyo hapa sisemi habari za watu baki). Kukawa na vurugu kubwa mpaka Askofu Mkuu Thurstan akawachukua na kuwapa eneo kwenye bonde la mto Skell, pori na mawe matupu. Inasimuliwa kuwa mwanzoni walijihifadhi chini ya mti mkubwa, na njaa ilipowabana wakala mpaka majani ya mti huo kwa kuyachemsha. Baadaye kidogo wakajiunga na shirika la Citeaux, lile la Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, na Bernardo mwenyewe akawatumia mmonaki mzee wa kuwafundisha maisha hayo.

Katika njaa hiyo hiyo, simulizi lao wenyewe linasema, akaja mtu mgeni mlangoni anaomba mkate kwa jina la Kristo. Bruda wa mlangoni akasema imebaki mikate miwili na nusu tu, na hiyo ni ya mafundi wanaofanya kazi. Abate Richard, mkuu wao, akaamuru mgeni apewe mkate, waliobaki Mungu ataona. Muda si mrefu ukaingia mkokoteni umejaa mikate, umetumwa na bwana wa ngome ya Knaresborough aliyesikia shida yao.

Nataka tukae hapo kwanza. Hawakuwa na kanisa bado, ukuta wa maana hakuna, bajeti ya kesho haipo, na fundi anasubiri kula. Akili yetu ya kamati ingesema mgeni arudi wiki ijayo.

Basi wakajenga, na wakajenga haswa. Mawe waliyachonga kwenye kingo za bonde lenyewe, mto wakaupitisha kwenye mahandaki chini ya majengo, kanisa likakaa kwa umbo la msalaba, madhabahu mashariki, na upande wa kusini ua wa mraba wenye veranda ambako mmonaki anatembea akisali. Kwenye chumba chao cha kulia kuna mimbari imechimbwa ndani ya ukuta, mmoja anapanda kwa ngazi nyembamba kuwasomea wenzake wakila kimya (sisi chakula cha kipaimara spika zinapasuka masikio). Lakini picha iliyonishika ni ya jengo la magharibi, urefu karibu mita 90, nguzo zimejipanga katikati na hazina kichwa, zinapanda tu zinatawanyika kuwa matao kama shamba la minazi lililogeuka jiwe.

Huko ndiko walikokaa mabruda. Na hapa ndugu zangu ndipo paliponichoma. Wamonaki wa kwaya walijua kusoma, wakaimba zaburi usiku na mchana. Mabruda wengi hawakujua kusoma, wao ni wachungaji, wahunzi, wakulima, waashi. Walikuwa na chumba chao cha kulia, bweni lao juu ya hayo matao, na sehemu yao ya kanisa upande wa magharibi, wamekatwa na kizuizi wasichanganyike na kwaya. Walifundishwa Baba Yetu na sala chache kwa moyo, basi, wakawa wanazisali huko malishoni katikati ya kondoo kengele ya ibada ikifika saa yake. Na ni kondoo hao waliotajirisha nyumba nzima, maana sufu ya Fountains ilinunuliwa na wafanyabiashara kutoka Italia. Utajiri wote ule ulianzia mikononi mwa mtu anayesali Baba Yetu kwenye mvua.

Halafu mambo yakaharibika taratibu. Karne ya 13 wakaanza kuuza sufu ambayo kondoo bado hajaiotesha, wanachukua hela ya miaka ijayo leo, na karne haijaisha nyumba imezama kwenye madeni makubwa. Nyumba iliyoanzishwa na watu waliokimbia utajiri! Ufunuo 2:4, umeuacha upendo wako wa kwanza. Tena shirika lao lilikuwa limekataza minara ya mawe, lakini Abate Marmaduke Huby, aliyeongoza kuanzia 1495 hadi 1526, akasimamisha mnara wa karibu mita 50, na juu yake maneno ya 1 Timotheo, heshima na utukufu kwa Mungu peke yake. Simhukumu, pengine alimaanisha. Mwaka 1539 mfalme Henry wa Nane akaifunga monasteri, wamonaki wakatolewa, madini ya risasi yaliyoezekwa kwenye paa yakang'olewa, na baadaye mtu akabeba mawe yao akajengea nyumba yake ya kifahari hapo jirani.

Sasa niseme lililo moyoni. Kuna mama mjane kwenye jumuiya yetu, anauza maandazi, aliahidi mifuko miwili ya saruji na hajamaliza. Jina lake lilisomwa kanisani kwenye orodha ya wasiolipa, na tangu hapo hajaonekana. Nilienda kumsalimia Jumanne. Nikamwambia shikamoo mama, tumekukosa. Akasema marahaba mwanangu, mimi naogopa kusomwa tena, rozari nasali hapa hapa nikikanda unga. Hakulalamika, akanikaribisha chai.

Jamani. Viongozi wenzangu, hii ya kusoma majina ikome. Mnamsoma mjane halafu aliyeahidi tofali elfu moja na hajatoa hata moja mnamruka kwa sababu ana gari na anakaa kiti cha mbele? Nani kawatuma? Huyo mama ndiye bruda wetu wa malishoni, na kwa ninavyoamini mimi ni sala za watu kama yeye zimefanya kiwanja kile kipatikane, wakati sisi wenye vitambaa vya kamati tulikuwa tunagombana risiti. Petro anatuita mawe yaliyo hai. Huwezi kulitupa jiwe lililo hai ili ununue tofali.

Mnara wa kengele nao naomba uondolewe kwenye ramani kwa sasa, nitalisema hilo rasmi kikaoni, najua baadhi yenu mtakasirika. Na mkopo ule unaopendekezwa tusiuguse.

Jumatano hii jumuiya tunakutana kwa yule mama, nimeshamuomba na amekubali, saa kumi na moja jioni. Somo ni Luka 21:1-4. Mwenye sukari alete sukari, mwenye unga alete unga, bahasha za ujenzi ziachwe nyumbani.