Kishimo mgongoni kwa mwanangu, hadi tukafika kwenye MRI

Mwanangu alizaliwa na kishimo kidogo mgongoni, juu ya mfereji wa makalio, kimezungukwa na nywele nyeusi. Kila aliyemuona akasema alama ya kuzaliwa tu hiyo. Mimi moyo ulikataa, nikachukua rula nikapima toka sehemu ya haja kubwa, sentimita 4, na daktari wa watoto akaniambia kikizidi sentimita 2.5 hivi, au pakiwa na nywele, uvimbe laini wa mafuta au doa jekundu, lazima watazame ndani.

Wiki ya sita tukaenda ultrasaundi. Nashukuru sana hatukusubiri, maana mifupa ya nyuma ya pingili kwa mtoto mchanga bado laini na mawimbi yanapita, ila akishafika miezi minne mitano inaanza kukomaa na picha inakuwa haieleweki vizuri. Mtaalamu akamlaza kifudifudi akawa anahesabu pingili moja moja. Ncha ya uti wa mgongo, yaani ule mkanda wa neva unaopita ndani ya pingili, kawaida inaishia pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, ya kwake ilishuka mpaka ya nne, na neva ambazo zinatakiwa zicheze kidogokidogo kufuata mapigo ya moyo zilikuwa zimetulia tuli. Nililia palepale.

MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ndo ilikuwa kazi. Haina mionzi ila inataka mtoto asitikisike kabisa, na sikutaka achomwe dawa ya usingizi kama kuna njia nyingine. Nikamchelewesha kunyonya kidogo, nikamnyonyesha palepale kabla ya kuingia, tukamvingirisha shuka, tukamziba masikio maana ile mashine ina kelele balaa. Mara ya kwanza akaamka katikati picha zote zikaharibika, tukarudi wiki iliyofuata akalala mpaka mwisho, wakapiga na kichwa pia kuona kama kuna maji.

Kichwa kizima. Ila mafuta yalikuwa yameingia kwenye ule uzi wa mwisho wa uti, umenenepa na umeuvuta uti chini. Nikamuuliza daktari wa upasuaji, mbona miguu anarusha vizuri tu? Akasema akirefuka uti utazidi kuvutwa, na kibofu kikishaharibika mara nyingi hakirudi kama zamani. Tukakubali apasuliwe.

Sasa ana miaka miwili anakimbia, kibofu bado kinapimwa, na kila akivua viatu naziangalia nyayo zote mbili kama zinalingana, nikihofia uti usije ukavutwa tena.