Watoto wetu wa sekondari wanapitia mengi jamani

Wazazi na walezi wenzangu wa Ujiji na Kigoma nzima, naomba tuongee. Nakaa na mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili, mwaka huu kabadilika kabisa, usiku halali, mpira kaacha, chakula anagusagusa tu, mwisho akachukua hela yangu ya dagaa. Ndugu wakataka achapwe, wengine eti karogwa. Nikakataa. Nikamwita jikoni tutumbue samaki, migebuka, sikumkazia macho, nikamuuliza tu baba, siku hizi moyo wako ukoje? Kimyaaa, kisu kinaenda tu, halafu akasema mamdogo mi naona sina faida, machozi hayo. Sikumhubiria, nikasikiliza. Nikamuuliza na kama anawaza kujidhuru, maana watu wanaogopa kuuliza wakidhani ndo utamtia hilo wazo, sio kweli. Akasema hapana, kesho yake tukaenda kituo cha afya akaongea na nesi peke yake.

Ila hela anarudisha! Jumamosi ananisaidia kuanika dagaa pale Kibirizi nakata kwenye deni, na shule anaenda, hilo tulikubaliana wote wawili bila kelele. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, wanasema katika kila vijana 7 wa miaka 10 mpaka 19 mmoja ana tatizo la afya ya akili, kwahiyo msikimbilie kusema jeuri. Ukikwama piga 116, simu ya mtoto, ni bure. Juzi kaniomba viatu vya kuchezea mpira, nimefurahi mno, nimemwambia deni likiisha tunaenda wote sokoni.