Riwaya fupi, wiki ya 9: bibi ameanza kuongea

Jamani sura ya pili imekubali! Wiki tisa nahangaika na huyu bibi muuza samaki wa Unguja, anamsimulia mjukuu wake habari za mumewe aliyetoka na ngalawa asirudi, na wiki zote hizo alikuwa anaongea kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Nikamjazia methali, nikamjazia "lahaula" kila aya, wapi, akazidi kuwa wa kwenye maigizo.

Kumbe ugonjwa uko kwenye vitenzi. Nilikuwa nimeandika: "Niliamka alfajiri, niliwasha jiko, kisha nilimwamsha mume wangu ambaye alikuwa bado amelala." Nani anasimulia hivyo barazani? Nikarudi kwenye rekodi ya bibi yangu mwenyewe, dakika 11 kwenye simu, nikasikiliza kalamu mkononi, nikakuta -li- anaitumia pale anapofungua habari tu, baada ya hapo ni -ka- mwanzo mwisho, na "ambaye" hata moja hamna. Nikaandika upya: "Siku hiyo niliamka alfajiri. Nikawasha jiko, nikamwamsha baba watoto. Kalala huyo, hana habari." Nimeisoma kwa sauti mara tatu, mwili ukanisisimka.

Hapo tamaa ikaniingia. Maana bibi yangu kwenye rekodi hasemi "nikawasha", anasema "hawasha". Wazee wa Unguja nika- wanaikata inakuwa ha-, hamwamsha ni nikamwamsha. Nikabadilisha sura nzima nikamtumia rafiki yangu wa Mwanza, akajibu kwa voisi: "Huyu mama mbona hawashi jiko, kagombana na mzee?" Ameisoma kama ukanushi, na ana haki, mtu wa bara ha- yake ni ya kukanusha. Siku nne nimepigana na hiyo silabi. Nikaweka ritifaa, h'awasha, mbaya kuitazama. Nikaweka maandishi ya mlazo, ukurasa ukawa kama umepepesuka. Maelezo chini ya ukurasa ndo kabisa sitaki, msomaji unamtoa barazani unamrudisha darasani. Mwisho nimeamua bibi abaki na nika-, halafu ha- naipenyeza pale tu nika- imeshatangulia: "Nikamwendea mama, hamwambia, chombo hakijarudi." Rafiki yangu amepita hapo bila kukwama.

Kitu kingine, sauti na toni nilikuwa nachanganya. Sauti ni ya bibi yule yule, hata ukifumba macho unamjua. Toni ni jinsi moyo wake ulivyo anapofika mahali fulani. Kwenye drafti ya kwanza aliposema "mume wangu aliaga dunia" nilidhani ni heshima, kumbe ni lugha ya tangazo la msiba redioni. Nikajaribu "kafa", ikasikika kama bado ana hasira naye. Kwenye rekodi bibi yangu akifika kwa babu, -ka- zinakatika ghafla. Anasema "hakurudi", ananyamaza, nasikia kijiko kinagonga kikombe, halafu anaanza habari ya bei ya changu siku ile. Nimeiweka hivyo hivyo, na kijiko chake.

Vifaa: nimeacha kuandikia kwenye simu, kibodi inanirekebishia "kalala" kuwa neno lisilojulikana, na kwenye kompyuta kila neno la bibi lina mstari mwekundu chini yake kama nimekosea. Naandika kwenye daftari, narekodi nikisoma, nasikiliza nikipika. Pale ulimi unapojikwaa ndipo pa kurekebisha, sijaona programu inayofanya hiyo kazi.

Wiki hii nilipanga kuediti sura ya tatu, sijaigusa. Jana usiku nimeanza aya moja kwa mdomo wa mjukuu, dereva bodaboda wa Mbagala, na sentensi yake ya kwanza ikatoka yenyewe: "Bibi kanipigia, nkamwambia ntakuja Ijumaa, sijaenda." Bibi anasema hamwambia, yeye nkamwambia, wote wameimega nika- ile ile, kila mtu upande wake. Sasa nataka sura nzima ya huyu kijana.