Simu zilifungwa, acha niandike

Nimerudi kazini jana na masikio bado yananiimbia. Naandika leo kwa sababu sina picha hata moja, sina video, sina hata sekunde kumi za kumrushia mtu WhatsApp, na baba yangu Dar anataka kujua kila kitu, na nlipokuwa namsimulia niligundua vitu vimeshaanza kuchanganyika kichwani, siku nne tu zimepita. Kwa hiyo nayamwaga yote hapa kabla hayajanitoka.

Mimi na kaka yangu tulienda Las Vegas, Mei 2022, kuwaona Silk Sonic. Kwa ambaye hajui, ni Bruno Mars na Anderson .Paak, wanamuziki wawili wa Marekani, kila mmoja ana jina lake mwenyewe, wakaungana wakatoa albamu moja Novemba 2021. Walikutana vizuri kwenye ziara ya muziki ya Bruno ya 2017, Anderson ndo alikuwa anamfungulia shoo, wakawa wanataniana na kupigapiga muziki studio, utani ukageuka kazi. Nlianza kuisikiliza nikiwa kwenye gari naenda shifti ya usiku, na albamu yenyewe haifiki hata dakika 35, nafika kazini imeshaisha naianza tena nikiwa parking. Nikamwambia kaka, hawa watu tukiwakosa nitajuta. Nikaweka hela kidogo kidogo miezi mitatu.

Sasa hawa hawakuwa wanazunguka. Kuanzia Februari 25, 2022 walikuwa sehemu moja, ukumbi unaitwa Dolby Live, ndani ya hoteli na kasino ya Park MGM, na wewe ndo unawafuata. Huku wanaita rezidensi. Tukaendesha kutoka Los Angeles, barabara kuu ya I-15, jangwa mwanzo mwisho, tukapita Barstow, tukapita Baker pale penye kile kipimajoto kirefu cha ajabu, kaka anaendesha mimi namlisha karanga. Njia nzima nlikuwa namfikiria baba.

Baba alipiga gitaa la rithim kwenye bendi moja ya dansi Dar, miaka ya themanini. Wakati ule kila bendi ilikuwa na ukumbi wake wa nyumbani na siku zake, mtu ukiwataka Sikinde au Msondo unajua wako wapi leo, huulizi. Mlimani Park wenyewe, ndo hao hao Sikinde, wale wa 1978, si jina lao limetoka kwenye ukumbi waliokuwa wanapigia? Watu walikuwa wanakuja na daladala, wengine kwa mguu, wengine wanaunganisha na harusi, wanakaa hadi alfajiri. Kwa hiyo nlipomwambia baba kwamba Marekani kuna wanamuziki wanakaa ukumbi mmoja na watu wanasafiri kuwafuata, hakushangaa hata kidogo, akasema "sasa hiyo si bendi ya nyumbani?" Nikasema ndiyo baba, ndo hiyo hiyo.

Na kweli nikifikiria ndo hiyo hiyo, ila hesabu zake ziko tofauti. Kule kwetu ukumbi ulikuwa unategemea kiingilio na bia. Kasino inamtaka msanii kwa sababu watu 5,000 wakija kumuona watalala hotelini, watakula hapo hapo, na kwenda kwenye mlango wa ukumbi lazima wapite katikati ya mashine za kamari, nenda rudi. Tulipita sisi pia. Yaani hakuna njia fupi. Mtindo huu ni wa zamani sana, Liberace na piano yake alianza kupiga kwenye hoteli za Vegas mwaka 1944, Elvis akaja 1969 kwenye hoteli ya International akapiga shoo 636 hadi 1976, halafu Celine Dion 2003 pale Caesars Palace, wakamjengea ukumbi kabisa, akapiga zaidi ya shoo 700 kwa miaka mitano. Kabla ya Celine watu walikuwa wanaona ukienda kukaa Vegas basi safari yako ya muziki inaishia hapo. Sasa hivi vijana walio juu kabisa ndo wanapapigania.

Kuna bibi mmoja namhudumia kazini, mweusi, ana miaka themanini na kitu, amekulia Las Vegas. Nlipomwambia naenda Strip, ile barabara ya makasino makubwa, kwenye shoo alinyamaza kidogo akaniambia baba yake alikuwa mpishi kwenye hoteli moja ya pale na siku zote alikuwa anaingilia mlango wa jikoni. Akaniambia wanamuziki weusi nao hivo hivo. Sammy Davis Jr., mwimbaji mweusi aliyevuma sana enzi hizo, alikuwa anajaza ukumbi, watu wanasimama kumpigia makofi, halafu akimaliza anaondoka kwenda kulala Westside, mtaa wa weusi, kwenye nyumba za kupanga, kwa sababu hoteli iliyompa steji haikumpa chumba. Mei 1955 ikafunguliwa Moulin Rouge, kasino ya kwanza pale ambapo weusi na weupe waliruhusiwa kukaa pamoja, haikumaliza hata mwaka ikafungwa. Na ni kwenye jengo hilo hilo, Machi 1960, ndo walikaa kikao wakakubaliana ubaguzi uishe kwenye Strip. Bibi alikuwa ananisimulia huku namfunga vifungo vya sweta, akasema ukiingia ingilia mlango wa mbele, uniambie ukoje. Nikamwahidi.

Kwa hiyo nliingilia mlango wa mbele. Kaka hakuelewa kwa nini nimesimama pale nje naangalia mlango, nikamwambia subiri kidogo, naushika kichwani.

Mlangoni kwa ukumbi ndo wakachukua simu. Hawachukui kabisa, wanakupa kimfuko cha kitambaa kigumu, unatumbukiza simu, kinafungwa kwa kitufe cha sumaku halafu unakaa nacho mwenyewe, kukifungua ni mpaka utoke nje. Mwanzoni nlipata wasiwasi wa kweli, nikawaza je wakinitafuta nyumbani, je baba. Dakika kama kumi mkono ulikuwa unaenda kwenye mfuko wenyewe. Halafu nikaanza kuona watu. Dada aliyekaa kulia kwangu aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Tanzania, akasema mumewe ametoka Ufilipino na amekuja kwa ajili ya Bruno kwa sababu mama yake Bruno alikuwa Mfilipino. Mbele yetu kuna wazee wawili wamevaa suruali za bugaluu, za ukweli, walizitunza wenyewe tangu ujana wao. Watu 5,000 wamekaa wanaongea. Lini mara ya mwisho nimeona hivo mimi? Labda kwenye msiba.

Halafu taa zikazima.

Sijui nianzie wapi. Wametoka wamevaa sare kama bendi za zamani, wanacheza kwa pamoja, hatua zimepangwa, waimbaji wa nyuma nao wako kwenye mstari, na wapulizaji tarumbeta wanayumba wote upande mmoja, na mimi nikaanza kulia pale pale wimbo wa kwanza haujafika kwenye kiitikio. Kaka aliniangalia akaniachia. Ni zile hatua. Baba na wenzake walikuwa na hatua kama zile, wanafanya mazoezi mchana ukumbi mtupu, mimi nimekaa juu ya kreti la soda nina miaka sita nawaangalia, mpiga besi ananiita "mama mkwe".

Anderson anaimba huku anapiga drams. Haimbi kiitikio tu, anaimba wimbo mzima, beti na kila kitu, na sauti yake ina ule ukwaruzo, na miguu inafanya kazi na mikono inafanya kazi na bado anatabasamu. Bruno sauti yake ni safi, inapanda juu bila kukaza shingo. Ukizisikia mbili pamoja unaelewa kwa nini waliungana, moja ina mchanga na nyingine ina maji. Mtu wa Dar akisikia hivi moja kwa moja atawakumbuka Gurumo na Bitchuka, wale waimbaji wa dansi, Gurumo na ile sauti nzito yenye utulivu, Bitchuka anakuja juu yake nyembamba inakata, na walikuwa wanapokezana mpaka husikii pa kuunga. Ndo nlichokisikia pale. Watu wawili wanaoachiana nafasi. Mmoja akiimba mwingine anashuka kabisa, anamwangalia usoni, anasubiri. Nimekaa nje ya nchi miaka 11 na sikuwahi kuona wanaume wawili wakubwa wanapendana kazini hadharani namna ile.

Na sauti ya ukumbi jamani. Kwa sababu hawafungi vyombo kila siku na kuvipakia kwenye lori, mafundi wameshatega kila kitu, wanajua kiti kipi kinasikia nini. Tulikaa nyuma kabisa juu, viti vya watu wa hela zetu, na nlikuwa nasikia mpiga gitaa la rithim anavyobadilisha kodi, yaani zile nyuzi anazozipiga kwa pamoja. Rithim! Kile chombo ambacho hakuna mtu anakisikilizaga isipokuwa mtoto wa mpiga rithim. Nikamtafuta stejini nikamwangalia yeye nyimbo mbili nzima.

Kwa vile albamu ni fupi walichanganya na nyimbo za kila mmoja za zamani, watu wakapagawa, lakini mimi nlikuwa napenda zaidi pale wanapopunguza, wanaongea na watu, wanataniana wao kwa wao kama watu walioko sebuleni. Mwezi mmoja tu kabla, Aprili 3, walichukua tuzo nne za muziki za Grammy hapo hapo Las Vegas, walikuwa wametajwa mara nne wakachukua zote nne, ukiwemo wimbo bora wa mwaka na rekodi bora ya mwaka. Na bado walirudi kwenye ukumbi wao wakawa wanapiga kama watu wanaotafuta kazi. Hicho ndo kilinigusa. Mtu ana kila kitu na anatoka jasho.

Tulitoka saa sita usiku inakaribia. Wakafungua vile vimfuko, simu zikawaka zote kwa pamoja, ule ukumbi wa nje ukawa mweupe, na watu wakanyamaza. Yule dada wa mume Mfilipino hata hatukuagana vizuri.

Nikampigia baba nikiwa ghorofa la parking, kwao saa nne asubuhi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Enhe, nieleze."

Nikaeleza. Akauliza bendi ina watu wangapi, nikasema sijahesabu vizuri. Akauliza mpiga drams anayeimba anapumua saa ngapi. Akauliza wakimaliza wanalala wapi, nikamwambia si hapo hapo hotelini baba, au nyumbani kwao, Bruno na Anderson wote wana makazi huku magharibi. Akasema vizuri. Halafu akauliza swali ambalo nlijua litakuja. "Na vyombo ni vya nani?"

Baba alipiga gitaa moja miaka tisa na halikuwa lake. Vyombo vyote vilikuwa vya shirika lililokuwa linamiliki bendi, na siku shirika lilipoamua bendi basi, walikuja na gari wakabeba kila kitu, spika, tumba, magitaa, hawakuwalipa hata ule mwezi. Baba alirudi nyumbani na mkanda wa gitaa begani. Mkanda ndo ulikuwa wake, alinunua mwenyewe Kariakoo. Ulikaa kwenye msumari nyuma ya mlango utoto wangu wote na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa.

Nikamwambia baba nadhani ni vya kwao. Akakaa kimya. Nikasikia jogoo kwa jirani, na mtu anauza maandazi.

"Basi niimbie," akasema. "Hizo tarumbeta. Si umesema huna picha."

Nikasema baba niko parking kuna watu. Akasema niimbie mama. Nikaimba kale kakipande ka tarumbeta nilikokumbuka, vibaya, kaka ameegemea gari anacheka. Nikarudia. Mara ya tatu baba akaanza kuingia chini yangu na mdomo, cheke-cheke, cheke-cheke, anatafuta kodi, akaipata, akasema subiri, hapo ulipopanda usipande haraka, nisubiri. Nikamsubiri. Tukaanza tena kuanzia mwanzo.