Kidole cha pete

Leo nimeanguka tena pale pale nikipanda mwamba. Upande wa Lukenya, kilima cha mawe karibu na Nairobi, unaotazama mbuga za Athi, mita 18 hivi kutoka chini, pana ukingo mwembamba kama biskuti, na juu yake fuwele moja nyeupe ya kushika kwa ncha za vidole viwili. Mara ya kwanza kuanguka hapo nilikuwa na miaka 31. Sasa nina 58.

Enzi zile niliamini mwamba ni kitu cha kuvuta tu. Mikono ilifanya kazi yote, miguu ikinifuata kama mzigo wa mtu mwingine. Leo miguu ndiyo iliyonifikisha. Niliiweka mmoja mmoja, ncha ya kiatu juu ya punje ya jiwe, nikangoja mpira wa soli ushike kabla ya kuhamisha uzito. Jiwe la Lukenya ni naisi, gumu, lenye chembechembe na mistari. Asubuhi na mapema hushika vizuri ajabu. Ikigonga saa tano vidole vimelowa jasho na chaki ya kuvikausha haifui dafu.

"Mjomba, pumua!"

Mpwa wangu ndiye hunishikia kamba siku hizi. Ana miaka 24. Kumbe nilikuwa nimebana pumzi. Nikapumua, nikapeleka mkono wa kushoto, nikaishika ile fuwele. Hapo kidole cha pete kikanichoma kidogo, kama sindano. Nikaachia mwenyewe, kamba ikanidaka.

Niliachia. Hilo ndilo ninalotaka kuliandika kabla sijalala, maana nilipokuwa na miaka 44 sikuachia. Ilikuwa kwenye miamba ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, na nilisikia kidole hiki hiki kikilia tap, kama kijiti kikavu. Ndani ya kidole kuna kano, na kuna vikanda vidogo vinavyozibana kano hizo zisiachane na mfupa. Ukiutundika mwili mzima kwenye vidole vilivyokunjwa, kikanda huweza kukatika, na kwa wapandaji kidole cha pete ndicho huumia mara nyingi zaidi. Kano hazipati damu nyingi kama misuli, basi hupona polepole, na umri ukisonga ni polepole zaidi. Miezi mitano mke wangu alinifunga vifungo vya shati kila asubuhi.

Kwa hiyo zoezi langu gumu kuliko yote sasa ni kupumzika. Mpwa wangu hupanda Jumamosi, akarudi Jumapili. Mimi nikipanda leo, vidole havitakuwa tayari kabla ya Jumatano. Siku za katikati nafanyia kazi mabega, nyonga na mgongo, kisha nakaa barazani nikiitazama mikono yangu. Naumia, nakiri. Jumamosi zangu zilizobaki si nyingi kama zake.

Watu wananiambia, mzee, si uende Lenana, kile kilele cha Mlima Kenya, na wenzako. Nimeenda, na kule juu, mita 4,985, alfajiri yake sitaisahau. Lakini Lenana ni kutembea. Mimi nataka ugumu. Nataka ile hali ya kutojua kama mkono utashika. Sioni kwa nini mtu aiache kwa sababu tu ana mvi.

Namfikiria sana Marcel Rémy, mpandaji wa Uswisi, aliyepanda ukuta wa mwamba uitwao Miroir de l'Argentine mwaka 2017 akiwa na miaka 94. Njia ile si ngumu kama hii ninayohangaika nayo, lakini miaka 94! Nina miaka 36 ya kumfikia.

Kuna jambo moja sikumwambia mpwa wangu tulipokuwa tukikunja kamba. Nilipokuwa nikining'inia baada ya kuachia, niliona kishimo cha ukubwa wa punje ya maharage, chini kidogo ya goti la kulia. Nilikipapasa kwa kidole gumba. Kina mdomo mkali kwa ndani. Miaka yote hii sijawahi kukiona, kwa kuwa macho yangu yalikuwa juu, kwenye fuwele. Mguu wa kulia ukikaa pale, nyonga itasogea karibu na ukuta, na kidole cha pete hakitabeba hata nusu ya kilicho­kibeba leo.

Jumamosi ijayo sipandi. Ile inayofuata tutatoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri, kabla ya malori kujaa Barabara ya Mombasa.