Konokono wa ziwani walivyonisaidia kufundisha praktiko

Nafundisha praktiko za biolojia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, hapa Mwanza. Kilichokuwa kikinisumbua ni ripoti zinazofanana neno kwa neno. Jibu lilikuwa linajulikana kabla hata ya kuingia maabara, kwa hiyo walinakiliana na kufaulu. Ukiwapa jedwali geni, wanakwama.

Nikaamua kuanza na swali lisilo na jibu kwenye notsi: je, konokono wa ufukwe wetu wanatoa vimelea vya kichocho? Swali hilo linawagusa. Wengi wamekulia Igombe au Ukerewe, na vidonge vya kichocho walivimeza shuleni.

Tulivaa mabuti na glavu ndefu, maana serikaria, yaani vimelea vichanga wanavyotoa konokono, hupenya ngozi ya mtu aliyegusa maji tu. Tukaokota konokono wa Biomphalaria, hao wanaobeba kichocho cha tumbo, kwenye majani ya ufukweni. Maabara, kila konokono aliwekwa peke yake kwenye bika dogo la maji yasiyo na klorini. Baadhi tuliwaweka chini ya taa, kwa kuwa mwanga huwachochea serikaria kutoka. Wengine wakabaki gizani kwa ulinganisho.

Binti mmoja akaona chembe nyeupe zikichezacheza majini. Chini ya hadubini zilikuwa na mkia wenye panda.

"Mwalimu, kichocho hiki hapa!"

"Umeona nini hasa?"

"Mkia wenye panda."

Nikamweleza kwamba serikaria za minyoo ya damu ya ndege nazo zina panda, na ziwa letu lina ndege tele. Hapo tukachora safu mbili daftarini: nilichoona, na ninachohitimisha. Safu hizo hatujaziacha tena.

Kundi jingine halikupata kitu, likaandika: "Ufukwe huu ni salama." Hapa nilikaa nao muda mrefu, kwa sababu mtu akiiamini sentensi hiyo ataenda kuoga pale. Konokono akishaambukizwa hupita wiki nne hivi, pengine zaidi, kabla ya kuanza kutoa serikaria. Tena tulichukua konokono wachache, sehemu moja, siku moja. Walibishana wenyewe, kisha wakaandika upya: "Konokono tuliowapima siku hiyo hawakutoa serikaria." Kwangu hiyo ni sayansi safi kabisa, nikawapa alama zote.

Siku hizi kwenye mtihani naweka jedwali ambalo hawajawahi kuliona, na kuwauliza linaturuhusu kusema nini, na nini bado hatuwezi kusema.